Msomaji wa Misiba wa Kimemi

Hakupokea tangazo la msiba bila kumtazama kwanza usoni aliyelileta. Karatasi aliiacha mezani ikiwa imekunjwa. Alimwambia mwenye msiba aingie, akae, alitaje jina la marehemu kwa mdomo wake mwenyewe, naye alilifuata kwa midomo bila kutoa sauti mpaka jina likamkaa. Hapo ndipo alipoifungua karatasi. Mara nyingi karatasi ilikuwa na makosa, maana mtu aliyefiwa hana mkono wa kuandika vizuri, na yeye aliyasahihisha kimyakimya bila kumwaibisha mtu.

Redio yetu ni ndogo, chumba kimoja na kipande juu ya duka la mabati, katika commune ya Kimemi, mjini Butembo, mashariki mwa Kongo. Mimi ni fundi wa sauti. Kwa miaka mingi niliketi upande huu wa kioo na yeye upande ule, asubuhi na jioni, akisoma nani amekufa, anazikwa wapi, na watu wakusanyike kwa nani. Mjini walimwita Mama Communiqué, yaani Mama Matangazo. Mimi namwita Msomaji, kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyoiheshimu, na kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mkali sana juu ya majina. Nikilitaja jina lake ovyo hapa, najua angenigombeza.

"Mufu aliisha acha byote," alikuwa akituambia sisi wa redioni. "Anabaki na jina tu. Musimuibiye yo."

Siku moja alikuja tajiri mwenye malori ya mizigo, baba yake amekufa. Alitaka tangazo lake litangulie mengine, na lisomwe kwa mbwembwe, na sifa zote za mzee na za watoto wa mzee. Msomaji alikuwa ameshika karatasi ya mama mmoja wa kijijini aliyefiwa na mtoto mchanga.

"Mama, miye niko na haraka," tajiri akasema.

"Najua, Papa. Mufu wako hana haraka. Ni weye tu. Kaa hapo kidogo."

Akakaa, kofia mapajani, akasubiri kama mtoto wa shule. Kisha Msomaji akamsoma mzee wake kwa mwendo uleule aliomsomea yule mchanga, bila kupanda wala kushuka. Tajiri aliondoka akifuta macho, na tangu siku hiyo hakukubali msiba wa ukoo wake usomwe na mtu mwingine.

Lakini msidhani ninamchora malaika. Alikuwa na ulimi wa pilipili. Mimi aliniita punda mbele ya wageni kila sauti ilipokwaruza. Kijana mmoja mwandishi wa habari aliwahi kulia mbele ya maikrofoni, siku yalipoletwa majina ya watu waliouawa mashambani upande wa Beni. Msomaji alimtoa studio akimshika sikio. "Lia kwenu," alimwambia. "Hapa benye kulia ni bale benye kusikiliza." Halafu akayasoma majina yote mwenyewe, na alipomaliza akaniomba nimpigie rumba, kwa sauti ya juu, na akakaa akitikisa kichwa kwa muziki huku macho yamekauka kabisa.

Tena, huyu aliyeita mji mzima misibani, yeye mwenyewe hakwenda msibani. Labda kwa ndugu wa damu tu. Nilipomuuliza, alisema aliyepika hana njaa. Jumapili baada ya misa alikunywa kikombe kimoja cha kasiksi, ile pombe ya ndizi, akidai inasafisha koo, na kikombe hicho kilikuwa kikubwa kuliko alivyokubali. Mzaha wake ulikuwa wa makaburini. Ukimuuliza hali, alijibu: "Sijasomwa bado." Wageni walishtuka, sisi tulicheka.

Watoto hakuwa nao. Mimba alizibeba, na zote zilitoka, nyingine zikiwa zimeshaanza kucheza tumboni. Mume alivumilia, halafu akachoka, akaenda Kasindi kufanya biashara mpakani na akaoa huko. Katika mtaa walisema maneno ambayo watu husema juu ya mwanamke wa namna hiyo, na sitayarudia. Yeye hakuyajibu. Mara moja tu nilimwona akiguswa. Alikuwa amemaliza kusoma kifo cha mtoto wa siku chache, akafunga maikrofoni, akaniambia kupitia kile kidude cha kuzungumzia:

"Bangu hata jina habakupata. Nitasoma nini?"

Kisha akafungua maikrofoni akaendelea na tangazo lililofuata. Nilisikia uchungu mpaka vidole vyangu vikakosea vitufe, na kwa mara ya kwanza hakuniita punda.

Ugonjwa wake ulikuja kwa kunyemelea. Kwanza kichwa: kilimuuma upande mmoja, akakikaza kwa kipande cha kitenge mpaka ngozi ya paji ikakunjamana. Wakati mwingine alisema herufi zinacheza pembeni mwa jicho, kama anatazama kupitia maji. Miguu yake ilikuwa na michoro ya zambarau, mithili ya wavu uliotandazwa chini ya ngozi. Butembo ni baridi, na sote tuliamini alivaa soksi ndefu kwa ajili ya baridi. Alizivaa kwa ajili ya aibu.

Halafu mkono wa kushoto ukaanza kucheza. Sisemi kutetemeka, nasema kucheza: unainuka, unazunguka, unachapa meza, unatulia, unaanza tena, na yeye hakuutuma. Uliangusha maikrofoni katikati ya tangazo la mzee wa kanisa. Akaupatia dawa yake: aliukalia. Alisoma misiba ya mji huku ameukalia mkono wake mwenyewe.

"Fundi," aliniambia, "hii mukono inasikia rumba yenye miye sisikie."

Yeye aliutania. Mji haukuutania. Kwetu mtu mzima akianza kuyumba bila homa, neno la kwanza ni karuho, ile sumu ya polepole ambayo watu wanaamini jirani anaweza kuitia katika chakula au katika pombe, ikakumaliza kidogo kidogo. Na karuho haijileti yenyewe. Lazima iwe na mtu. Basi wakaanza kumtafuta mtu. Wakampata karibu kabisa: jirani yake wa ua mmoja, mjane anayeuza sombe, yaani kisamvu, na lengalenga, yaani mchicha, kwenye soko dogo la hapo chini. Kosa lake? Alikuwa rafiki yake. Alikuwa akimpelekea mboga tangu zamani, na anayekulisha ndiye mwenye nafasi ya kukulisha kitu. Lisemwalo lipo, wanasema wahenga, na mimi tangu siku hizo sijapatana na wahenga.

Asubuhi moja alifika kazini mdomo umepinda upande. Mate yalimtoka, maneno yalikuja yamevunjika, na kufikia jioni yakarudi karibu yote. Binamu yake anayeleta vitambaa kutoka Kampala akamchukua, wakavuka mpaka, wakakaa huko mpaka daktari mmoja alipompima damu kwa namna ambayo kwetu haipimwi. Aliporudi alinieleza mwenyewe, ameketi kwenye kiti changu, akizungusha vitufe vyangu.

Damu yake, daktari alimwambia, inaganda bila kidonda. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na maradhi, imegeuka inaichokoza damu yenyewe. Vibonge vya damu vinapanda kichwani, vinaziba njia, na kila njia inapozibwa kipande cha ubongo kinakufa. Kichwa kuuma, mkono kucheza, mdomo kupinda: mzizi mmoja. Hata zile mimba, daktari alisema, huenda ni damu hiyohiyo iliyoziba.

"Docteur alizunguka sana juu ya kunielezea vile balinzi ba mwili wangu banapiga mwenye nyumba," akasema. "Nikamwambia, docteur, miye ni mutu wa Butembo, balinzi ba vile tuko nabo. Hiyo hapana nipatia somo."

Alicheka. Kisha akanyamaza, akasema taratibu, "Donc bale batoto, hapana mutu aliniloga. Ni damu." Nilimwona akilifikiria neno hilo, na sikujua kama limemponya au limemuumiza zaidi.

Alipewa vidonge vya kulegeza damu, vya kumeza maisha yake yote. Lakini vidonge hivyo vina masharti. Damu lazima ipimwe mara kwa mara, isilegee mno wala isikaze. Na maabara ya kwetu yalikuwa na dawa ya kupimia leo, miezi kadhaa hayana. Sharti la pili lilikuwa mboga za majani. Majani mabichi yana kitu kinachosaidia damu kuganda, kwa hiyo yanapigana na kidonge. Aonje kidogo, kiasi kilekile kila siku, basi. Sombe kwa sahani, hapana.

Kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Mkono ulitulia, akaacha kuukalia. Sauti yake ilirudi ile ya zamani, na watu walipiga simu redioni kushukuru kama vile mvua imenyesha.

Sasa nifike kwenye sufuria. Nilikuwa kwake alasiri moja nikimtengenezea redio yake ya nyumbani, wakaingia akina mama wa shirika, ile jumuiya ndogo ya Wakatoliki wa mtaa, kumtembelea mgonjwa. Walikuwa wamesikia ana ugonjwa wa damu. Na kwetu ugonjwa wa damu ni mmoja tu: damu imepungua. Na damu iliyopungua inaongezwa kwa majani. Kwa hiyo kila mmoja alibeba majani: lengalenga, matembele, sombe iliyotwangwa vizuri. Sufuria kubwa kuliko zote ilikuwa ya yule jirani muuza mboga. Aliiweka mbele ya Msomaji, akafunua, mvuke wa mawese ukajaa chumba.

"Kula, Mama. Hii itakuongezea damu."

"Asanti sana, Mama. Mais docteur wa Kampala alinikataza majani mingi. Inapiganaka na dawa."

Wale mama hawakuitazama sufuria, walitazamana. Mmoja akavuta kitenge chake vizuri begani. Mwingine akakohoa kidogo. Mimi mwenyewe, na bisibisi yangu mkononi, nilielewa kinachofanyika chumbani pale: mgonjwa amekataa chakula cha mtu, mbele ya mashahidi.

Jirani naye alielewa. Alichukua kijiko, akachota sombe yake, akaiweka mdomoni, akatafuna, akameza. Ndivyo inavyofanywa kwetu, mwenye kuleta anaonja kwanza. Lakini aliharakisha hata mawese yakadondoka kifuani.

"Njo hii nakula," akasema. "Bote muone nakula."

Msomaji aliwatazama wale wanawake usoni, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Kisha akanyoosha mkono.

"Leta hapa. Nani alisema sikule? Nilisema mingi. Hii ni mingi?"

Akala. Akala mpaka chini, akaomba nyongeza, akasifu mawese, akauliza kama ameweka vitunguu. Wanawake wakaanza kucheka na kuzungumza, na jirani akafuta kifua chake kwa ncha ya kitenge.

Walipoondoka nilimfokea. Nilimwambia mambo ambayo mdogo hamwambii mkubwa. Aliniacha nimalize.

"Fundi, unakumbuka ule mukaka, ule mwanamuke muzee, wenye balichomea nyumba juu ya karuho? Miye njo nilisoma jina yake. Na bale benye kuleta karatasi, nilibauliza ilianza namna gani. Balisema mutu moja tu alikataaka chakula yake mbele ya batu. Moja tu."

"Na sauti yako, Mama? Ile mdomo ikipinda tena?"

"Miye niko na dawa," akasema. "Yeye iko na nini?"

Kisha akaniomba nimalize redio.

Basi ikawa hivyo. Kila walipokuja alikula, na jirani alipofarijika akaja mara nyingi zaidi, maana mtu aliyeponea tundu la sindano hushukuru kwa kile alicho nacho, na yeye alikuwa na mboga. Maneno mtaani yakafa. Walisema, angekuwa na karuho, Mama Communiqué angekula kwake kila siku? Msomaji alikuwa amemsafisha mbele ya mji bila kutangaza kitu. Kupima damu kulishindikana. Maabara hayakuwa na dawa yake, na Kampala ni mbali. Nilimtazama akimeza kidonge chake kila jioni kwa maji ya uvuguvugu, na kwa kuwa mimi si daktari nilijiambia kidonge kina nguvu kuliko jani.

Kauli ilimkatikia hewani. Juma hilo matangazo yalikuwa mengi, ya watu waliotoka kulima upande wa Beni na hawakurudi. Alikuwa anasoma asubuhi, amefika penye jina, akasimama. Akaanza sentensi upya, akafika palepale, akasimama. Kisha alitamka kitu ambacho si neno, akajisikia, akakitamka tena kwa nguvu kama anayejaribu kukinyoosha. Akanitazama kupitia kioo. Nimeona watu wengi wakiogopa, lakini sijaona macho kama yale, kwa sababu akili yake ilikuwa nzima kabisa na ilikuwa inatazama mlango unavyofungwa. Niliweka muziki. Mji ulidhani ni umeme.

Hospitalini siku hiyo, kwa bahati au kwa kejeli, dawa ya kupimia damu ilikuwepo. Daktari kijana alinitoa nje, kwenye korido.

"Damu yake inakaza kama mutu mwenye hakunywa dawa hata siku moja. Anaimezaka?"

"Kila siku, docteur. Naonaka na macho."

"Anakula nini?"

Nikamwambia. Akavua miwani, akaifuta kwa koti, akaivaa.

"Sitasema ni mboga peke yake. Hii ugonjwa inaweza kupiga hata mwenye anafuata byote. Mais sombe kila siku juu ya hii dawa? Ni kufungua mulango na kuufunga." Akatazama mwisho wa korido. "Nani alikuwa anamuletea?"

Mwisho wa korido, kwenye benchi, aliketi jirani muuza mboga, sufuria mapajani, imefungwa vizuri kwa kitambaa safi ili isipoe. Nilimwambia daktari ni watu wa shirika, wengi. Kisha nikaenda kumwambia yule mama kwamba mgonjwa haruhusiwi kula kitu kwa sasa, na hilo lilikuwa kweli.

Hakupona mdomo. Upande wa kulia ulilegea, mguu ukarudi kidogo, mkono haukurudi, maneno yakabaki huko yalikokwenda. Dada yake mdogo, aliyeolewa Beni katika commune ya Bungulu, akaja kumchukua. Redioni tukamweka yule kijana aliyewahi kulia mbele ya maikrofoni, na siku hizi halii tena, jambo ambalo nalo halinifurahishi.

Na maneno mtaani yakafufuka. Mwaona? walisema. Alimlisha taratibu, mbele ya macho yetu, mpaka sauti ikapotea. Vijana wakarusha mawe juu ya bati la mjane yule. Sokoni watu wakaipita meza yake, mboga zikanyauka. Akanijia redioni, amekonda.

"Fundi, unipeleke Beni. Nataka anijibu kitu moja tu, mbele ya batu. Akisema, nitapona. Asiposema, bataniuwa."

Nilijua hataweza kusema. Nilimwambia hivyo. Alijibu kwamba atatikisa hata kichwa, hata mkono. Shirika lilituma wanawake wengine wawili waende nasi wakashuhudie, na sikuwapenda hata kidogo kwa jinsi walivyopanda gari wakikaa mbali naye. Barabara ilikuwa na vizuizi vyake na askari wake wanaosema Kilingala, walitutazama, wakaturuhusu.

Tulimkuta Msomaji mlangoni, kwenye kiti cha plastiki, amevaa soksi zake ndefu, vidonge vyake vilevile vya damu kwenye kigoda pembeni. Alituona, uso wake wa upande mmoja ukacheka. Nyumba ilikuwa imejaa. Majirani wa Bungulu walikuwa wamekuja kusali rozari, na dada yake alitupokea kwa furaha iliyotuchanganya.

"Mungu ametenda, Fundi! Kusema habari hawezi, hata maji hawezi kuomba. Mais rozari anasali yote! Yote! Sauti ilirudi ya redio!"

Mimi daktari alishanieleza jambo hilo. Yaliyokaririwa tangu utotoni yana njia yake nyingine kichwani. Yanatoka yenyewe, hata mwenye mdomo asipoyatuma. Sikumwambia dada.

Jirani alipiga magoti mbele ya kiti. Akashika mkono ule uliolegea.

"Mama, batu bananisema. Uko unanisikia? Sema mbele ya bano bote. Ni miye nilikupatia karuho?"

Msomaji alisikia. Aliielewa kila silabi, niliona. Shingo ilijaa mishipa, midomo ikatafuta, jasho likamtoka. Akavuta pumzi, na ikaja ile sauti, nzima, tulivu, ile iliyokuwa ikituliza mji mzima:

"Salamu Maria, umejaa neema…"

Na nyumba yote ikaitikia, kama inavyopasa kuitikiwa: "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee…"

Akatikisa kichwa kwa hasira, na hakuna aliyejua anakataa nini, sala au karuho. Akapiga kiti kwa mkono mzima. Akajaribu tena, akivuta neno kutoka chini kabisa, na sala ikaja tena, na wao wakaitikia tena, kwa nguvu zaidi, dada yake akilia kwa furaha. Jirani peke yake hakuitikia. Alikuwa anautazama ule mdomo. Machozi yalimtoka Msomaji upande mmoja, akafunga midomo, akaacha.

Wale mashahidi wawili wa Kimemi walitazamana, nami nikakumbuka alasiri ya sufuria.

Jirani akageuka kwangu, bado magotini.

"Weye ulikuwa naye kila siku. Alikuambiaka nini juu yangu?"

Wote wakanigeukia. Jibu nilikuwa nalo. Alikula mboga zako akijua zinamdhuru, ili wewe usichomewe nyumba. Hakuna ushahidi mkubwa kuliko huo kwamba hakukushuku. Lakini ukilisema hilo umesema pia kwamba mboga za mama huyu ndizo zilizoisaidia damu kumnyamazisha. Na wale wawili wangerudi Butembo na nusu hiyo tu, na jioni ileile lingekuwa neno lilelile la vijana wa mawe, safari hii likiwa na daktari ndani yake. Na yeye mwenyewe aliyepiga magoti, angeishije nalo?

"Alisema mboga yako ni tamu," nikasema. "Alisema hakuna mutu mwenye anapika sombe kama weye. Njo maana alikula yote, kila siku. Mutu anakulaka vile kwa mulozi?"

Mmoja wa wale wawili akashusha pumzi. "Ni kweli," akasema, "tulimuonaka." Wa pili akakubali kwa kichwa, akamsaidia jirani kuinuka, akampangusa kitenge magotini. Nilijua mawe yamekwisha. Jirani alilia kwa sauti, akamkumbatia Msomaji na kiti chake chote.

"Basi nitamuletea," akasema. "Nitakuwa namutumia kila juma, na batu ba moto, bale ba pikipiki, benye kuja Beni. Hatakosa tena, Mungu anaona."

"Wasingya, Mama," dada akamshukuru. "Wasingya sana. Anapenda kula."

Msomaji alinitazama juu ya bega la yule mama, akasubiri niseme kitu.